VISA VYA NYUMA YA KAMERA KAMA USHAHIDI WA KIHAKIKI: UTENGENEZAJI WA FILAMU YA PATHER PANCHALI, 1952–1955

1.0 Utangulizi

Mhakiki anayelinganisha riwaya na filamu iliyotokana nayo huwa na vitu viwili mbele yake: kitabu na ukanda. Huvipitia sambamba, akaorodhesha yaliyobaki, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, kisha tofauti hizo akazieleza kuwa ni uteuzi wa kisanaa wa mwongozaji. Njia hii ina manufaa yake, na tasnifu nyingi zimejengwa juu yake. Kasoro yake ni kuchukulia kwamba kila kionekanacho katika filamu kilikusudiwa. Mtunzi wa riwaya akiudhikiwa na ukurasa huuchana akaandika mwingine, na hasara yake ni karatasi na jioni moja. Filamu hutengenezwa na watu wengi, mara nyingi kwa fedha za wengine, chini ya jua lisilomngoja mtu, na kwa miili ya waigizaji ambao huugua, hukua, na pengine hufa kabla kazi haijakwisha.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba visa vya utengenezaji wa filamu, ambavyo kwa kawaida huachiwa magazeti ya burudani, vinaweza kutumiwa kama ushahidi wa kihakiki, mradi vipimwe kwa mizani ile ile inayotumika kupimia masimulizi mengine. Mfano utakaochambuliwa ni Pather Panchali, filamu ya Kibengali iliyoongozwa na Satyajit Ray (1921–1992) na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955. Imechaguliwa kwa kuwa visa vya utengenezaji wake vimesimuliwa mara nyingi kuliko vya filamu nyingi za aina yake, na mwongozaji mwenyewe na wenziwe, hata baadhi vimepata sura ya ngano.

Kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili suala hili limekwisha kubisha hodi. Riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute (1999), iligeuzwa kuwa filamu na Amil Shivji, nayo ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021. Ulinganishi wa kazi hizo mbili ni mada inayomvutia mwanafunzi yeyote wa uzamili, na hatari ya kusoma kila tofauti kama kusudi la mwongozaji imo humo humo.

2.0 Riwaya na aliyeigeuza

Riwaya ya Pather Panchali iliandikwa na Bibhutibhushan Bandyopadhyay (1894–1950). Ilianza kutolewa kwa mfululizo katika jarida la fasihi mwaka 1928, kisha ikachapishwa kama kitabu mwaka 1929. Jina lake lenyewe linamhusu mwanafasihi: panchali ni utungo wa kusimulia uimbwao huko Bengali, ambao msomaji wa Kiswahili angeuweka jirani na utenzi, pather maana yake ni "wa njia". Ni hadithi ya familia ya Kibrahmani iliyofukarika kijijini: baba Harihar, mama Sarbajaya, binti Durga, mtoto wa kiume Apu, na ajuza wa ukoo, Indir Thakrun. Riwaya haina msuko uliokazwa. Inatambaa kama maisha ya kijiji yatambaavyo, na mengi yaliyomo humo ni mambo yanayoonwa na macho ya mtoto.

Ray aliifahamu kwanza kwa kalamu ya mchoraji. Akiwa mwajiriwa wa D.J. Keymer, kampuni ya matangazo ya Kiingereza mjini Calcutta (ambao tangu 2001 huandikwa Kolkata), alichora vielelezo vya toleo lililofupishwa kwa ajili ya watoto, katikati ya miaka ya 1940. Baadhi ya picha alizozichora wakati huo zilikuja kuwa picha za filamu. Mwaka 1949 Jean Renoir alifika Calcutta kutafuta mahali pa kupigia picha filamu yake The River, na Ray akamsaidia kuzunguka mashambani. Mwaka 1950 alipelekwa London na mwajiri wake kwa miezi kadhaa. Huko alitazama filamu zipatazo mia, ikiwemo Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, iliyomthibitishia kwamba filamu yaweza kutengenezwa nje ya studio na kwa waigizaji wasio na jina. Katika meli ya kurudia nyumbani alianza kuandika mpangilio wa Pather Panchali.

Mjane wa mtunzi aliridhia. Watayarishaji wa Calcutta hawakuridhia, kwani hadithi haikuwa na nyimbo wala nyota. Ray hakuwa hata na mswada kamili wa kuwasomea. Alikuwa na daftari la michoro ya wino, onyesho baada ya onyesho, pamoja na maelezo mafupi. Mazungumzo mengi yangetoka moja kwa moja riwayani. Wenzake wa karibu walikuwa vijana kama yeye. Mpiga picha, Subrata Mitra, alikuwa na umri wa miaka 21 hivi na hakuwa amewahi kuendesha kamera ya filamu; uzoefu wake ulikuwa wa kupiga picha za mnato na kutazama Renoir akifanya kazi. Msanifu wa mandhari, Bansi Chandragupta, naye alikuwa amepitia kwa Renoir.

3.0 Msimulizi ni nani, na anasimulia lini

Kabla ya kuvitumia visa vyenyewe, yafaa kuuliza vimetufikiaje. Mwanafunzi wa fasihi simulizi amezoea maswali haya: nani anasimulia, kwa hadhira ipi, baada ya muda gani. Ray aliandika kuhusu utengenezaji wa filamu hii katika nyakati mbalimbali. Aliandika mwaka 1957 kwa wasomaji wa jarida la filamu la Uingereza, akiwa bado kijana aliyepata sifa ghafla. Mwaka 1976 makala zake zilikusanywa katika kitabu Our Films, Their Films. Mwaka 1979 alitoa kitabu cha Kibengali, Ekei Bole Shooting, kilichokusudiwa watoto. Humo visa vinasimuliwa kwa mzaha, vikiwa na mwanzo, kikwazo na utatuzi, mithili ya hekaya za Abunuwasi. Mwisho ni My Years with Apu, kilichotoka mwaka 1994 baada ya kifo chake. Muswada safi wa kitabu hicho ulipotea siku za mwisho za uhai wake, na mkewe, Bijoya, alilazimika kukijenga upya kutokana na rasimu ya awali.

Hivyo basi, maandishi ya mwisho na yanayonukuliwa zaidi ni rasimu iliyohaririwa na mtu mwingine, ikisimulia mambo yaliyotokea miaka arobaini nyuma. Hilo halikifanyi kitabu kuwa cha uongo. Linamtaka mhakiki atofautishe kisa kinachothibitishwa na filamu yenyewe na kisa ambacho uzuri wake ndio uliokihifadhi. Hata gharama ya filamu hutajwa kwa viwango vinavyoachana: wengine husema rupia 70,000, wengine 150,000. Ikiwa tarakimu zinavutana namna hii, mazungumzo yaliyotiwa vinywani mwa watu hayawezi kuchukuliwa neno kwa neno.

4.0 Uwanja wa maua meupe

Kupiga picha kulianza tarehe 27 Oktoba 1952. Onyesho la kwanza lilikuwa lile ambalo watazamaji wengi hulikumbuka kuliko jingine lolote: Durga na Apu katika uwanja wa kaash, majani marefu mfano wa matete, ambayo baada ya mvua za monsuni huchanua maua meupe kama pamba. Kando ya uwanja inapita reli. Kwa kuwa Ray na wenzake walikuwa na ajira zao, kazi ilifanyika siku za mapumziko. Nusu ya onyesho ilipigwa picha siku ile ya kwanza. Jumapili iliyofuata walirudi wakakuta uwanja ni mtupu: ng'ombe walikuwa wameyala maua yote. Hapakuwa na la kufanya ila kungoja mwaka mzima mpaka kaash ichanue tena.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu ya ng'ombe. Kwa mhakiki, ng'ombe si muhimu sana kama mwaka uliofuatia. Siku ile ya kwanza Ray aligundua kwamba hakujua namna ya kumfanya mtoto atembee. Apu alitakiwa kumtafuta dada yake katikati ya majani: apige hatua, asite, ageuke, asikilize, aendelee. Subir Banerjee, mtoto aliyechaguliwa, alitembea kama askari gwarideni. Utatuzi aliousimulia Ray ni huu: vijiti viliwekwa njiani ili mtoto avikwepe, na wasaidizi wakajificha pande mbalimbali majanini, kila mmoja akiita jina lake kwa zamu. Mtoto alipoitwa aligeuka. Aliyeitazama filamu ameona wasiwasi, upweke, na udadisi wa mtoto aliyepotezana na nduguye. Kilichokuwapo uwanjani ni mtoto aliyeitwa kutoka kushoto.

Hapa ndipo tofauti ya riwaya na filamu inapojitokeza kwa namna ambayo ulinganishi wa matini hauwezi kuidhihirisha. Bandyopadhyay akitaka kusita kwa Apu huandika mawazo ya Apu. Katika filamu, mawazo hayo ni kazi ya mtazamaji, ambaye huyajaza mwenyewe ndani ya mwendo uliotengenezwa kwa vijiti. Kusema kwamba mwongozaji "amesawiri saikolojia ya mhusika" ni sahihi kwa matokeo, lakini kunaficha namna usawiri huo ulivyopatikana, na namna ndiyo inayompasa mwanafunzi kuijua.

Onyesho hili lina tofauti nyingine na riwaya. Katika riwaya safari ya watoto ya kuitafuta reli haiishii kwenye treni; katika filamu treni inapita ikiukata uwanja kwa moshi mweusi. Ili kupata picha za kutosha, walitumia treni zaidi ya moja, na mtu mmoja wa kundi alipanda kwenye injini ili amhimize mtia makaa aongeze makaa mahali panapotakiwa. Uamuzi wa kuiruhusu treni ipite ulikuwa wa kisanaa, wala haukulazimishwa na hali yoyote. Na mhakiki anayeutafsiri kama kuja kwa ulimwengu wa nje katika maisha ya kijiji yuko kwenye ardhi ngumu. Mnamo dakika chache za filamu, basi, yamekaa pamoja mambo mawili yenye asili tofauti kabisa. Macho peke yake hayawezi kuyatenga.

5.0 Mhusika na mwili wake

Baada ya hapo kazi ilihamia Boral, kijiji kilicho karibu na Calcutta, ambako palikuwa na nyumba chakavu iliyofaa kuwa ya Harihar. Maonyesho ya usiku yalipigwa studioni. Fedha zilikuja kwa vipande na kukatika, safari moja kwa muda unaokaribia mwaka mzima. Filamu ambayo ingepigwa picha kwa miezi michache ikachukua zaidi ya miaka miwili.

Katika muda huo mwigizaji aliyecheza Chinibas, muuza vitamu wa kijiji, alifariki. Alikuwa amekwisha onekana katika sehemu ya onyesho ambamo anapita na mizigo yake begani, Durga na Apu wakimfuata, na mbwa akiwafuata wote, kivuli cha msafara mzima kikicheza juu ya maji ya bwawa. Ray alitafuta mtu mwingine mwenye umbo kama la marehemu na kumpiga picha kwa nyuma. Katika picha moja anatoka kichakani mtu mmoja. Katika picha ifuatayo anaingia langoni mtu mwingine. Mbwa naye alikufa, na mwingine wa rangi kama yake akatafutwa. (Mbwa wa kwanza hakukubali kuwafuata watoto mpaka Durga alipoficha kipande cha kitamu kiganjani nyuma ya mgongo wake, atakayeitazama filamu akilijua hilo hatamwangalia tena Durga kwa macho yale yale.)

Kisa hiki mara nyingi husimuliwa ili kuonyesha werevu wa mwongozaji. Thamani yake ya kinadharia ni kubwa zaidi. Katika uhakiki wa riwaya, mhusika ni jumla ya maneno yaliyosemwa juu yake na naye. Katika filamu wengi hudhani kwamba mhusika ni mtu yule anayeonekana. Chinibas anaivunja dhana hiyo: ni mhusika mmoja mwenye miili miwili, na umoja wake umeundwa na mzigo begani, mwendo, na mahali alipo katika mfuatano wa picha. Ni mhusika wa uamilifu, kama walivyo wahusika wengi wa ngano. Akibadilishwa mtu, ngano haitetereki.

Indir Thakrun yuko upande wa pili kabisa. Katika riwaya ajuza huyu hufa mapema. Ray aliamua aishi hadi Apu awe mtoto mkubwa kiasi, na kifo chake kigunduliwe na watoto wenyewe, wamkute ameketi kichakani. Yuko mhakiki atakayeshawishika kusema kwamba maisha ya Indir yalirefushwa kwa sababu ya uzuri wa mwigizaji wake. Mpangilio wa matukio haukubali tafsiri hiyo. Urefu wa sehemu yake ndio uliosababisha ugumu wa kumpata mtu wa kuicheza: alitakiwa mwanamke mzee kweli, aliyepinda, asiye na meno, lakini mwenye kumbukumbu na nguvu za kustahimili siku nyingi za kazi. Alipatikana Chunibala Devi, mwenye umri wa karibu miaka 80, aliyekuwa mwigizaji wa jukwaani ujanani mwake na kusahauliwa. Alilipwa rupia 20 kwa siku, na kila siku ilimpasa apate afyuni aliyoizoea. Akiikosa, kazi haiendi.

Alipoanza, mhusika alibadilika mikononi mwake. Wimbo wa kidini anaouimba Indir usiku, ameketi peke yake barazani, ulitoka katika hazina ya kumbukumbu ya Chunibala mwenyewe. Kwa maneno mengine, kipande cha fasihi simulizi ya Kibengali kiliingia katika filamu bila kupitia riwayani, kikibebwa na mwigizaji aliyekua nacho. Mtafiti anayetafuta wimbo huo katika kitabu cha Bandyopadhyay ili aonyeshe "uaminifu" wa filamu kwa matini asilia atakuwa anatafuta mahali pasipo.

Kuna kisa kingine cha Chunibala ambacho Ray alikisimulia kwa upendo. Siku ya kupiga picha mazishi ya Indir, ajuza alilazwa juu ya jeneza la mianzi, akafungwa kamba, akabebwa. Picha ilipokwisha, jeneza likashushwa, kamba zikafunguliwa, naye hakutikisika. Watu wakaanza kutazamana. Hatimaye akafumbua macho akalalamika kwamba hakuna aliyemwambia kuwa kazi imekwisha. Hadithi hii imekamilika mno kiasi cha kuleta shaka kidogo. Ina umbo la kichekesho kilichosuguliwa kwa kusimuliwa. Lakini hata ikiwa imepambwa, inatoa taarifa juu ya jambo lililowakabili kila asubuhi, kwamba mwanamke huyu angeweza kufa kweli kabla ya mhusika wake. Ray mwenyewe baadaye alihesabu miujiza mitatu iliyoiokoa filamu: sauti ya Apu haikubadilika, Durga hakukua, na Indir Thakrun hakufa. Chunibala alifariki kabla filamu haijaanza kuonyeshwa kwa umma.

6.0 Fedha na mwisho wa hadithi

Ray aliweka rehani bima yake ya maisha, akauza sahani zake za muziki, na vito vya Bijoya vikaenda rehani pia. Hayo yalipokwisha, mama yake alimfikia kwa njia ya rafiki Bidhan Chandra Roy, Waziri Mkuu wa jimbo la Bengali ya Magharibi, na serikali ya jimbo ikakubali kuigharimia filamu. Hapa panasimuliwa kisa kilichoenea kuliko vyote: kwamba kwa kuwa jina la filamu lina neno "njia", fedha ziliingizwa vitabuni katika fungu la matengenezo ya barabara. Wapo wanaokisimulia kama ujinga wa makarani. Wapo wanaokisimulia kama ujanja wa wakubwa waliotafuta fungu lolote lenye fedha. Masimulizi hayo mawili yana maana zinazopingana, na inatosha kuonyesha kwamba kisa kimekwisha kuwa mali ya wasimulizi.

Jambo la uzito zaidi, ambalo halichekeshi na kwa hiyo halirudiwi sana, ni mabishano juu ya mwisho wa filamu. Maofisa waliichukulia kazi hii kama filamu ya maendeleo vijijini. Familia inayofiwa na binti, nyumba ikabomoka, kisha ikakihama kijiji kwa mkokoteni wa ng'ombe, haikuwa habari waliyotaka kuigharimia. Ilishauriwa familia ibaki na kuijenga nyumba upya. Ray alikataa, akishikilia riwaya. Kwa hiyo picha ya mwisho, nyuso tatu ndani ya mkokoteni, ambayo mlinganishi wa matini angeiandika katika safu ya "yaliyobaki kama yalivyo" na kuipita haraka, kumbe ndiyo iliyogombewa kuliko nyingine. Kutobadilika nako kulikuwa uamuzi, na uliweza kugharimu filamu yenyewe. Tena ni hapo Ray alipokata riwaya: sehemu yake ya mwisho, inayohusu maisha ya familia mjini Benares, aliiacha kando, nayo ikaingia katika filamu ya pili, Aparajito (1956).

7.0 Kilio na ala

Mwaka 1954 Monroe Wheeler wa Museum of Modern Art ya New York alipita Calcutta, akaona picha za mnato za filamu, akaitaka kwa maonyesho ya sanaa ya India yaliyokuwa yakitayarishwa. Miezi kadhaa baadaye John Huston, aliyefika India kutafuta mandhari ya filamu nyingine, alitazama kipande kisicho na sauti akatoa ushuhuda mwema. Kuanzia hapo kazi iliyokuwa ikikosa fedha ikawa inakosa muda. Tarehe ya New York ilikuwa 3 Mei 1955, na Ray pamoja na mhariri Dulal Dutta walifanya kazi usiku na mchana katika siku za mwisho.

Muziki ulirekodiwa katika hali hiyo. Ravi Shankar, aliyekuwa na safari zake, aliona sehemu tu ya filamu ikiwa haijakamilika, kisha akatunga na kupiga karibu muziki wote katika kikao kimoja cha saa 11 hivi kilichoendelea hadi alfajiri. Palipobaki mapengo yalizibwa na waliokuwapo. Mitra, mpiga picha, alipiga sitar katika sehemu moja.

Matokeo yake mashuhuri yamo katika kurudi kwa Harihar. Amekuja na zawadi, hajui kwamba Durga amekufa. Sarbajaya anapopokea sari aliyonunuliwa binti, anaanguka kwa kilio. Sauti ya Karuna Banerjee, aliyemcheza mama, haisikiki. Mahali pake inasikika ala ya tar shehnai ikipanda juu kabisa. Wahakiki wamelieleza onyesho hili kwa maneno ya kiujumi, kwamba huzuni imevuka uwezo wa sauti ya binadamu, na maelezo hayo hayana ubaya. Lakini ala hiyo iliwezekana kwa kuwa usiku ule mmoja, bila kujua bado itatumikaje kwa ukamilifu, mwanamuziki alikuwa ameacha vipande vya ziada vya kutosha kuchaguliwa na mwongozaji na mhariri mezani. Uteuzi ulikuwa wa kisanaa. Mipaka ya uteuzi ilichorwa na saa 11. Mhakiki hahitaji kuchagua kati ya maelezo haya mawili. Anahitaji kuyaweka yote mawili ukurasa mmoja, na hilo ndilo linalokosekana katika tahakiki nyingi.

Filamu ilianza kuonyeshwa Calcutta tarehe 26 Agosti 1955. Siku za kwanza watazamaji walikuwa wachache, kisha habari zikaenea mdomo kwa mdomo na kumbi zikajaa. Mwaka 1956 ilipata tuzo mjini Cannes kwa sifa ya kuwa hati bora ya kibinadamu.

8.0 Vyanzo vinavyopungua

Mwaka 1993 moto katika maabara moja jijini London uliunguza kanda asilia za filamu za Ray, hii ikiwemo. Nakala iliyokarabatiwa kutokana na mabaki hayo, kwa kazi kubwa iliyofanyika Bologna, ilitolewa mwaka 2015. Daftari la michoro, ambalo Ray aliikabidhi Cinémathèque Française ya Paris, lilichapishwa mwaka 2016, na tangu hapo mtafiti anaweza kulinganisha vitu vitatu badala ya viwili: riwaya, michoro iliyotangulia kamera, na filamu. Uwanja wa kaash umo darini, kwa wino. Palipo na tofauti kati ya mchoro na ukanda ndipo panapofaa kuulizwa kilichotokea siku ile.

Wa kuulizwa hawapo tena, isipokuwa wachache. Chandragupta alifariki mwaka 1981, Ray mwaka 1992, Mitra na Karuna Banerjee mwaka 2001, Dutta mwaka 2010. Uma Dasgupta, aliyekuwa Durga, alifariki Novemba 2024.

Kwa Vuta N'kuvute hali ni tofauti, kwani walioitengeneza filamu bado wanaweza kuhojiwa, na kwa Kiswahili. Maswali ya kuwauliza ni ya kawaida sana: onyesho gani lilipigwa picha kwanza na lipi mwisho, neno gani halikuwamo katika mswada bali lilitoka kinywani mwa mwigizaji, wimbo gani ulichaguliwa na nani, lini, sehemu ipi ya riwaya iliandikwa, ikapigwa picha, kisha ikaachwa mezani pa mhariri, mahali gani palipotakiwa hapakupatikana. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe ya mahojiano na jina la aliyejibu, na kisa kimoja kikisimuliwa na watu wawili kwa namna mbili, zote mbili zihifadhiwe.